Skripti Inaendeshwa kwa Jina la Nani?

Jumatatu ya wiki ya nne ya muhula, kabla ya kipindi cha saa mbili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinisimamisha mlangoni mwa ukumbi. "Samahani kaka katibu, ile fomu ya kuchagua wilaya ya mazoezi ya kufundisha inatoka lini?" Nikabaki namtazama. Fomu ilitoka Jumatatu iliyotangulia na ikafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Nikamwambia aangalie barua pepe vizuri, pengine imeangukia kwenye barua taka. Akafungua simu mbele yangu, akapekua kote. Hakuna kitu. Tangu afike chuoni hajapata tangazo letu hata moja.

Kufikia mchana tulikuwa tumehesabu 27 kama yeye. Mmoja ni dada mwenye mtoto wa miezi mitano, aliyepanga kufundisha kwenye wilaya anakoishi mama yake ili mtoto apate wa kumshika. Nafasi za wilaya hiyo zilishajaa. Nilipokwenda kuwaombea kwenye ofisi inayopanga vituo, niliulizwa swali moja tu: mbona jedwali lenu linaonyesha wote 27 wameshaingizwa kwenye kundi la barua pepe?

Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo, na naliandika kwa ajili ya ma-CR, makatibu wa vyama na yeyote aliyewahi kurithishwa jedwali lenye skripti ndani yake akaambiwa "usiguse, linajiendesha lenyewe".

Kwanza mfumo wenyewe. Kundi letu liko Google Groups, chini ya domeni ya chuo. Mwanafunzi mpya anajaza fomu, jina lake linaingia kwenye jedwali la Google Sheets, na kila usiku saa nane skripti ya Apps Script inapita mstari kwa mstari, inachukua anwani, inaiingiza kundini, halafu inaandika "Imekamilika" kwenye safu ya mwisho. Iliandikwa na dada aliyekuwa katibu kabla yangu, ambaye sasa ameajiriwa na anafundisha sekondari mkoani. Mimi nasoma ualimu, Kiswahili na Historia. Programu nilijifunza kwa madesa na video, usiku, wakati bando ni rahisi.

Wiki ya pili ya muhula niliona safu ya mwisho iko tupu kwa wanafunzi wote wapya. Nikafungua skripti, nikabonyeza kitufe cha kuiendesha kwa mkono. Ikaniomba idhini: skripti hii inataka kuona jedwali lako, inataka kusimamia wanachama wa makundi, unakubali? Nikakubali. Halafu likatoka andiko jekundu:

GoogleJsonResponseException: API call to directory.members.insert failed with error: Not Authorized to access this resource/api

Nilisoma maneno mawili tu, "Not Authorized", nikakasirika. Si nimekubali sasa hivi? Nikaendesha tena. Nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu. Ndipo nikafanya jambo ambalo hadi leo nalionea aibu. Kwenye desa moja kulikuwa na mbinu ya "kuzuia skripti isikatike": unaizungushia sehemu yenye tatizo "try", kisha unaweka "catch" iliyo tupu. Nikabandika. Nikaendesha. Nyekundu haikutoka, na safu ya mwisho ikajaa "Imekamilika" kuanzia juu hadi chini. Nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Kumbe nilichofanya ni kuiambia skripti hivi: jaribu kumwingiza mtu huyu, ukikataliwa, nyamaza, halafu andika kwamba umemwingiza. Ikatii. Kila usiku saa nane kwa wiki mbili ilikuwa inakataliwa mara 27 na kuandika uongo mara 27.

Kukubali si kupewa

Tuanze na pale nilipokwama, maana naamini wengi hukwama hapohapo. Ule ukurasa wa idhini unaotokea mara ya kwanza haukuongezei mamlaka yoyote. Unairuhusu skripti itumie mamlaka uliyo nayo tayari. Kama huna, umekubali kuiazima mfuko mtupu.

Waliosoma bweni wataelewa haraka. Kutoka shuleni siku ya kazi unahitaji karatasi ya ruhusa. Karatasi inasema unakwenda wapi: hospitali, siyo sokoni. Lakini mlinzi getini haishii kwenye karatasi, anaangalia pia wewe ni nani, maana karatasi ya kiranja wa chakula kwenda kuchukua unga haimfai mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Na ukishafika hospitali kuna mlango wa tatu: huko nako wana saa zao za kuona wageni, na karatasi yako ya shule haiwahusu.

Skripti ya kusimamia kundi la barua pepe inapita milango hiyohiyo. Kwanza ni skopu, yaani orodha ya vitu ambavyo skripti inaruhusiwa kuviomba. Pili ni cheo cha akaunti ambayo skripti inafanya kazi kwa jina lake. Tatu ni mipangilio ya kundi lenyewe. Kila mlango ukifungwa unatoa ujumbe wake, na tofauti ya maneno kati ya ujumbe mmoja na mwingine ndiyo inayokuonyesha umekwama wapi. Mimi niliona nyekundu nikadhani nyekundu zote ni ndugu.

Ujumbe wa mlango wa kwanza unazungumzia skopu waziwazi. Ukiona "Specified permissions are not sufficient to call", kisha jina la amri na anwani ndefu inayoishia na jina la skopu, maana yake ni kwamba orodha ya skopu imeandikwa kwa mkono ndani ya faili la appsscript.json, na kitu unachotaka kukitumia hakimo. Kwa kawaida Apps Script husoma msimbo wako na kujitafutia skopu inazohitaji. Lakini mtu akishaandika orodha mwenyewe chini ya "oauthScopes", kujitafutia kunakoma. Kisichoandikwa hakipo. Dawa ni kufungua mipangilio ya mradi, kuruhusu faili hilo lionekane, kuongeza skopu iliyotajwa kwenye ujumbe, kuendesha upya na kutoa idhini upya. Kuna tahadhari moja: ukibadilisha orodha hiyo, kila mwenye kichochezi kwenye skripti hiyo anatakiwa naye arudi kutoa idhini, la sivyo chake kitaanza kukwama usiku bila wewe kujua.

Ndugu wa karibu wa ujumbe huo ni "Request had insufficient authentication scopes", unaotoka kwenye huduma zenyewe za Google badala ya amri za kawaida za Apps Script. Tiba ni ileile. Na kuna mwingine usiofanana na tatizo la ruhusa hata kidogo: "AdminDirectory is not defined". Huyo anasema tu kwamba hujaiongeza huduma ya Admin SDK kwenye orodha ya huduma upande wa kushoto wa kihariri. Bonyeza alama ya kujumlisha, ichague, basi.

Ule wangu, "Not Authorized to access this resource/api", ni wa mlango wa pili. Skopu zilikuwa sawa. Karatasi ilikuwa sahihi. Aliyeishika ndiye hakustahili. Huduma ya Admin SDK imekusudiwa wasimamizi wa domeni: mwenye cheo cha msimamizi mkuu, au aliyepewa jukumu lenye haki za makundi. Mimi kwenye lile kundi nilikuwa mmiliki, na nilidhani hicho ndicho cheo kikubwa kuliko vyote. Mmiliki wa kundi ni mambo ya ndani ya kundi. Msimamizi wa domeni ni mambo ya chuo kizima. Ukiwa mmiliki unaweza kuingia kwenye ukurasa wa Google Groups na kuongeza watu kwa mkono, jambo ambalo ningelifanya wiki ya pili kwa dakika 10 kama nisingekuwa na kiburi cha skripti.

Nani alikuwa anaandika saa nane usiku?

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na ndipo penye somo ambalo sikulikuta kwenye desa lolote.

Mimi sikuwa na cheo, sawa. Lakini sikuwa mimi niliyeendesha skripti kila usiku. Saa nane nilikuwa nimelala. Nilifungua ukurasa wa vichochezi, ambavyo wengi wetu tunaviita triga, na kwangu hakikuwepo hata kimoja. Hata hivyo jedwali lilikuwa linajazwa. Nikafungua historia ya matoleo ya jedwali. Saa nane usiku, kila siku, lilikuwepo jina la dada katibu wa zamani. Mtu amemaliza chuo, yuko mkoani anasahihisha madaftari ya kidato cha pili, lakini jina lake linaamka kila usiku na kuandika kwenye jedwali letu.

Ndivyo Apps Script inavyofanya kazi. Kichochezi ulichokiweka kwa mkono wako kinaendeshwa kwa akaunti yako siku zote, haijalishi nani anafungua faili, haijalishi umehama, umehitimu au umestaafu ukatibu. Ukimkabidhi mwenzio jedwali hujamkabidhi kichochezi. Alipokuwa katibu, kitengo cha TEHAMA kilimpa dada jukumu la kusimamia makundi ili skripti ifanye kazi. Mwanzoni mwa muhula walipitia orodha ya wenye majukumu, wakaona amehitimu, wakaliondoa. Walifanya sahihi kabisa. Ila hakuna aliyejua kwamba lile jukumu ndilo lililokuwa linamshikilia kila mwanafunzi mpya wa ualimu.

Nikampigia simu. "Shikamoo dada" zikaisha, nikamweleza. Akacheka kwanza, halafu akanyamaza. "Subiri nifungue ile barua pepe ya chuo, sijaigusa tangu niripoti kazini." Akakuta barua za taarifa ya kushindwa kwa skripti, zimepangana, za wiki mbili za mwanzo. Kichochezi kikikwama Google humtumia taarifa aliyekiweka, yeye, wala si anayelitumia jedwali. Halafu akasema, "Lakini zimekoma wiki ya pili. Mlirekebisha?"

Hatukurekebisha. Zilikoma siku niliyobandika ile "catch" tupu. Kengele ilikuwa inalia kwenye nyumba isiyo na mtu, na mimi nikaikata waya.

Tangu siku hiyo kila skripti ninayoigusa naiwekea mstari huu mwanzoni:

console.log(Session.getEffectiveUser().getEmail());

Unaandika kwenye kumbukumbu anwani ya yule ambaye skripti inafanya kazi kwa mamlaka yake. Ukiendesha kwa mkono utaona yako. Kichochezi kikiendesha utaona ya aliyekiweka. Zikitofautiana, na kwa mkono inafanya kazi lakini usiku inakwama, au kinyume chake, umeshapata pa kuanzia. Nilipouweka mara ya kwanza mstari wenyewe ulikataliwa kwa kosa la ruhusa, maana dada alikuwa ameandika orodha ya skopu kwa mkono na skopu ya kusoma anwani ya mtumiaji, userinfo.email, haikuwemo. Nilicheka peke yangu maktaba hadi mtu wa meza ya pili akaniangalia vibaya.

Katika pilikapilika hizo nilijaribu pia njia ya mkato. Nikaandika amri yenye jina onEdit, ili mtu akiongeza jina kwenye jedwali skripti iangalie papo hapo kama yumo kundini. Ikagoma: "You do not have permission to call GroupsApp.getGroupByEmail". Hapa si cheo wala orodha ya skopu. Vichochezi rahisi kama onEdit na onOpen vinaendeshwa bila kumuuliza mtu idhini, na kwa sababu hiyo haviruhusiwi kugusa huduma zinazohitaji idhini. Ukitaka kitu kama hicho inabidi uweke kichochezi cha kusakinisha, na ukikiweka, umerudi palepale: kitaendeshwa kwa jina lako.

Mlango wa kundi

Mlango wa tatu niupite haraka, maana kwetu haukuwa mkubwa, ila una hila zake. Kundi lina mipangilio yake: nani aone wanachama, nani aongeze, nani atume ujumbe, watu wa nje ya domeni waruhusiwe au la. Ukisoma wanachama kwa GroupsApp ukaambiwa "You do not have permission to view the member list for the group", usihangaike na skopu. Nenda kwenye mipangilio ya kundi, angalia nani anaruhusiwa kuona wanachama. Na kama kundi limefungwa kwa watu wa nje, anwani ya gmail ya mwanafunzi ambaye hajapata ya chuo itakataliwa hata na msimamizi wa kweli.

Kutuma nako kuna mtego. Skripti ikituma tangazo kundini kwa MailApp, kwake kazi imekwisha barua ikishatoka. Kama kundi halimruhusu mtumaji, jibu linarudi baadaye kama barua ya kawaida, likisema kundi huenda halipo au huenda huna ruhusa ya kutuma. Yote mawili kwa pamoja, usijue lipi. Tena barua hiyo inarudi kwa mtumaji, na mtumaji, umeshaelewa, ni mwenye kichochezi.

Halafu wapo wanaofanana na kosa la ruhusa lakini si la ruhusa. Namba 403 hutoka pia unapoomba haraka kupita kiasi, na ujumbe wake hutaja kiwango au kasi. Hapo unaiambia skripti ipumzike kidogo kati ya mtu na mtu kwa Utilities.sleep. Namba 404 inasema kundi au anwani haikupatikana, na mara nyingi ni herufi moja imekosewa. Namba 409, "Member already exists", ni habari njema: mtu yumo tayari. Skripti nyingi za mitaani zinachukulia 409 kuwa kosa na 403 kuwa jambo la kunyamaziwa. Zimegeuza.

Usiombe funguo zote

Nilipoelewa tatizo nilikwenda kitengo cha TEHAMA nikiwa na suluhisho kichwani. Mhudumu wa mifumo, kaka mmoja mpole, akanisikiliza. Nikamwambia, "Kaka, naomba mnipe usimamizi mkuu, hata kwa wiki moja tu." Hakukasirika. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hilo jedwali lina watu wangapi wenye haki ya kuhariri?"

Nikahesabu. Ma-CR wote, manaibu wao, viongozi wa chama, na baadhi ya waliohitimu ambao hakuna aliyewaondoa. 38.

Akanifungulia jedwali, akaingia kwenye skripti, akanionyesha kitu kilichonifanya nikae chini. Skripti iliyofungwa ndani ya jedwali inaweza kuhaririwa na kila mwenye haki ya kuhariri jedwali hilo. Na kichochezi kinaendesha msimbo kama ulivyo usiku huo, siyo kama ulivyokuwa siku kilipowekwa. Kwa hiyo mwaka mzima uliopita, wakati dada bado ana jukumu, yeyote kati ya wale 38 angeweza kubadilisha mistari miwili, akalala, na saa nane usiku ikaendeshwa kwa mamlaka ya kusimamia makundi. Siyo kundi letu peke yake. Jukumu la msimamizi wa makundi kwa kawaida linagusa makundi ya domeni nzima: ya wahadhiri, ya kamati za mitihani, ya ofisi ya fedha. Mtu angeweza kujiingiza kwenye kundi la watunga mitihani na historia ya jedwali ingeonyesha jina la dada wa watu.

Hakuna aliyefanya hivyo, tunavyojua. Lakini mimi nilikuwa nimeomba mlango uleule ufunguliwe tena, mpana zaidi, kwa sababu nilitaka nyekundu iondoke. Ukitafuta msaada wa makosa haya utakutana na ushauri huo kila kona: mpe akaunti usimamizi mkuu uone kama inakubali. Ndiyo, itakubali. Hata mlango ukiuvunja unafunguka.

Tulichofanya kilichukua siku mbili. Skripti ilitolewa ndani ya jedwali ikawekwa kama mradi unaojitegemea, chini ya akaunti ya kitivo isiyo ya mtu binafsi, ambayo wanaoweza kuifungua ni wawili tu. Akaunti hiyo ndiyo yenye jukumu la makundi na ndiyo iliyoweka kichochezi. Skripti inalisoma jedwali letu kwa namba yake ya utambulisho, basi. Anwani ya kundi imeandikwa ndani ya msimbo, haisomwi kwenye jedwali, ili mtu asiweze kubadilisha seli moja na kuielekeza kundi lingine. Orodha ya skopu imebaki fupi: kusimamia wanachama, kusoma na kuandika jedwali, kusoma anwani ya mtumiaji, na kutuma barua. Sisi makatibu tunaongeza majina. Msimbo hatuugusi, na sijisikii kunyang'anywa kitu.

Ile "catch" yangu kaka hakuifuta. Aliniambia niiandike upya mwenyewe huku yeye akiangalia. Sasa iko hivi:

catch (kosa) {
  hali = 'IMESHINDIKANA: ' + kosa.message;
  waliokwama.push(anwani);
}

Hali hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye safu ya mwisho, kwa maneno yaleyale ya ujumbe, hata yawe ya Kiingereza kigumu kiasi gani. 409 pekee ndiyo inaandikwa "Yumo tayari". Mwisho wa zamu, kama orodha ya waliokwama si tupu, barua inatumwa kwa akaunti ya kitivo na kwa katibu aliyepo, ambaye anwani yake inasomwa kutoka kwenye seli moja ya jedwali. Katibu akibadilika, anabadilisha seli.

Kwa wanaokabidhiana madaraka muhula huu: mkiwa bado mmekaa meza moja, aliyeondoka afungue ukurasa wa vichochezi vyake na kuvifuta mbele ya aliyeingia, kisha aliyeingia, au ile akaunti ya ofisi, aviweke upya. Ongezeni jina moja la majaribio, msubiri skripti ipite, halafu muingie kwenye ukurasa wa kundi mkamtafute kwa macho. Safu ya jedwali msiiamini. Mimi niliiamini wiki mbili.

Ofisi ya vituo iliwafungulia wale 27 fomu kwa siku mbili baada ya kitengo cha TEHAMA kuandika barua ya maelezo, na mimi nikaandika yangu, yenye neno "catch" ambalo nadhani hakuna aliyelielewa pale mezani. Wengi walipata wilaya za chaguo la pili au la tatu. Dada mwenye mtoto hakupata kwao, lakini mwenzake mmoja wa mwaka wa pili amekubali kubadilishana naye kituo, na ninapoandika haya ombi lao liko kwa mratibu. Jana usiku skripti ilipita. Safu ya mwisho ina IMESHINDIKANA tatu, zote anwani za gmail. Kesho baada ya kipindi cha saa mbili nawatafuta wenyewe ukumbini.